Chibalonza na Jina la Mungu Kwenye Noti

Katika kanisa la Wakongo la Granville, huko Australia, lile linalokodi ukumbi nyuma ya karakana ya magari, hakuna aliyewahi kumdhania Chibalonza kuwa mtu wa kumpinga pasta. Kwa miaka sita alikuwa kiongozi wa wamama. Yeye ndiye aliyepanga zamu za kutembelea wagonjwa, yeye ndiye aliyeanzisha maombi ya Ijumaa, na mtu akifiwa huko nyumbani, simu ya kwanza ilikuwa yake. Alikuwa na miaka hamsini na nane, mfupi, wa sauti ya chini, na riziki yake aliipata katika chumba cha kufulia nguo kwenye nyumba moja ya wazee kule Mount Druitt. Akisema jambo watu walinyamaza wote, si kwa kumwogopa, bali kwa sababu usiponyamaza hukumsikia.

Mwaka ule habari zilikuwa zimeenea kwamba noti ya dola tano ya Australia ingechorwa upya. Pasta Ildephonse alizipokea habari hizo kwa furaha. Alikuwa ametoka Marekani kwenye harusi ya binamu yake, na huko kilichomgusa kuliko majumba na barabara ni maneno yaliyoandikwa kwenye pesa yao, kwamba wao humtumainia Mungu. Jumapili ya kwanza aliporudi alihubiri juu ya maneno hayo saa nzima. Alisema nchi inayochora noti mpya imeshika kalamu mkononi, na huu ndio wakati wa wageni wenye imani kuiambia iandike nini.

Barua iliandikwa na Peninah, muuguzi Mkenya aliyeolewa na Mkongo na kuhamia kanisa la mumewe. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, naye aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Jumapili iliyofuata barua ilianzia viti vya mbele, ikapita mkono kwa mkono pamoja na kalamu. Ilipomfikia Chibalonza aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akampa Clarisse aliyekaa kando yake.

"Yaya, umesahau kuweka sahihi," Clarisse alimnong'oneza, akimwita dada mkubwa kwa desturi ya kwao.

"Sikusahau."

Clarisse alimtazama, akaweka yake, akapitisha karatasi.

Baada ya ibada, watu wakiwa wanakunja viti, Peninah alimjia na karatasi yenyewe mkononi.

"Mama Aksanti, naona karatasi ilikuruka."

"Haikuniruka, mwanangu. Niliiacha ipite."

"Kuna neno halijakaa vizuri? Niambie tu, nitarekebisha."

"Barua ni nzuri. Mimi sitaki jina la Mungu liwekwe kwenye pesa."

Peninah hakuwa mtu wa ugomvi. Alivuta kiti kimoja ambacho hakijakunjwa, akaketi.

"Wiki iliyopita mzee mmoja alikufa nikiwa kwenye shifti," alisema. "Nilitafuta mtu wa kusema naye Baba Yetu. Mtoto wake alikuwepo, na mjukuu, na hakuna aliyeijua. Niliisema peke yangu nikiwa nimemshika mkono. Hawa watu wanasahau, Mama. Nikaona, kama jina litakuwa mfukoni mwao kila siku, labda mmoja atauliza."

"Unayosema ni kweli kabisa."

"Basi?"

"Basi sitaweka sahihi."

Kufikia Jumanne jambo lilikuwa limeshazunguka Granville na Merrylands na kurudi. Wengine walisema Chibalonza anaogopa serikali kwa sababu uraia wake haujatoka. Wengine walisema binti yake, Aksanti, aliyekuwa chuo kikuu, amemgeuza akili kwa vitabu vyake. Mama mmoja alisema amemwona akiingia kwenye kanisa la watu wengine, jambo ambalo halikuwa kweli. Clarisse alimpigia simu akamhesabia yote hayo moja baada ya jingine, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa hapana, kama kuna lililo kweli. Chibalonza alimwambia hakuna. Clarisse akasubiri aelezwe zaidi. Hakuelezwa.

Alhamisi alasiri Pasta Ildephonse alifika nyumbani kwake Merrylands, akiwa na Peninah. Chibalonza aliwakaribisha, akawawekea chai na mandazi. Aksanti alikuwa chumbani kwake akisoma, mlango uko wazi nusu.

"Mama, sikuja kukulazimisha," pasta alisema. "Lakini kiongozi wa wamama asipoweka sahihi, watu wananiuliza, na mimi sina jibu. Nipe jibu."

Chibalonza alisogeza kikombe chake mbali kidogo.

"Pasta, unaijua kazi niliyokuwa nikiifanya Bukavu?"

"Nilisikia ulikuwa ukibadilisha pesa."

"Miaka kumi, pale Nyawera. Meza ndogo na mwavuli."

Alieleza kwanza mambo ya kazi ile, kwa kuwa Peninah hakuyajua. Kule kwao dola ya Marekani ndiyo pesa ya mambo makubwa: kodi ya nyumba, mahari, karo, hospitali. Lakini noti ya dola ikiwa na mpasuko, hata mdogo kama punje ya mchele, imekufa. Duka halipokei, benki haipokei, mwenye nyumba hapokei. Chibalonza alikuwa akiikagua noti kwa dole gumba, akiipitisha ukingoni, huku macho yakimtazama mteja. Walimjia wanawake wenye noti waliyotumiwa na ndugu zao Ulaya, na mtoto yuko hospitali, na noti ina mpasuko. Aliwarudishia. Aliwaambia kosa si lake, ni la soko. Maneno yale ya Kiingereza mgongoni mwa noti alitafsiriwa na padri mmoja aliyekuwa mteja wake, na tangu hapo naye akawa akiwatafsiria wengine waliouliza.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Murhula," alisema. "Alikuwa dereva wa lori, akipeleka saruji Uvira. Siku moja lori lilipatikana barabarani, yeye hayupo. Baada ya siku tatu wakapiga simu. Walitaka dola elfu mbili."

Mle chumbani kiti cha Aksanti kililia kidogo, kikatulia.

"Tuliuza kiwanja cha baba. Pesa ilikuwa franka, gunia zima. Mimi ndiye niliyeigeuza kuwa dola, nikachagua noti kwa mkono wangu, moja moja. Na mimi ndiye niliyeipeleka, kwa sababu mwanaume angekwenda wangemshika na yeye. Nilitembea tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Nikawakuta watano, chini ya mlima. Mkubwa wao alikuwa kijana, msafi, na Biblia ndogo kwenye mfuko wa shati. Akaniita mama. Akanipa kigoda cha kukalia."

Peninah alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Kabla ya kuigusa pesa akasema tuombe. Wenzake wakavua kofia. Akamshukuru Mungu kwa kunifikisha salama, akamshukuru kwa riziki. Aliomba vizuri, Pasta, kama mtu aliyefundishwa. Na alipomaliza wakasema amina, na mimi nikasema amina."

"Ungefanya nini, Mama," pasta alisema kwa upole.

"Nilisema amina. Sikulazimishwa. Mdomo ulisema wenyewe, kwa kuwa yalikuwa maombi. Kisha akashika noti moja akaigeuza, akaniuliza yale maandishi yanasema nini. Nikamwambia: Tunamtumainia Mungu. Akafurahi sana. Akawaonyesha wenzake, akasema, mnaona, hata pesa yenyewe inasali, basi Mungu ameibariki safari ya mama huyu. Akaendelea kuzipekua. Akafika kwenye moja, akapitisha dole gumba ukingoni, kama mimi nilivyokuwa nikifanya. Ilikuwa na mpasuko. Mdogo. Sikuuona. Noti za watu nilizikataa miaka kumi, na ya ndugu yangu sikuiona."

"Akaikataa?" Peninah aliuliza.

"Akanirudishia. Akasema hiyo haifai, nenda kalete nyingine, mdogo wako tutamtunza. Zilizobaki alizichukua zote. Nilimpigia magoti, nikamwambia mwachie tu kwa hizo, noti moja nini. Akaniambia, mama, mtumainie Mungu, na akanionyesha maandishi kwa kidole. Nikatembea mpaka barabarani, nikapata gari, nikafika mjini, nikapata noti nzima. Nikarudi siku ya pili yake. Hapakuwa na mtu. Wachoma makaa ndio waliomkuta Murhula, kando ya mto."

Chini barabarani basi lilisimama, likashusha watu, likaondoka.

Pasta Ildephonse alikuwa mtu aliyezoea kuwa na la kusema, na hata sasa alilitafuta, akalipata.

"Mama, nakulilia ndugu yako. Lakini yule mtu hata Biblia alikuwa nayo mfukoni. Tutaiacha Biblia kwa sababu yake?"

"Hapana," Chibalonza alisema. "Nimelifikiria hilo miaka mingi. Biblia inaweza kumkemea. Akiifungua atakuta mle maneno yaliyo kinyume chake, mengi. Akiifunga ni shauri lake. Noti haina la kumkemea. Ina lile jina tu, na inakwenda na yeyote, na popote atakapoipeleka lile jina linakwenda naye, kama shahidi wake. Mimi sitaki kumwandikia Mungu kazi hiyo. Hata hapa sitaki. Watu wa hapa ni wema kwangu, lakini sijui noti zao zinalala wapi."

Kisha akaongeza, "Kama kanisa linaniona sifai kuongoza, nitakaa nyuma. Sina kinyongo."

Pasta hakusema kwamba anafaa, wala kwamba hafai. Aliomba, kwa ufupi kuliko kawaida yake, na alipofika mwisho alisita kidogo, kama anayemwachia nafasi ya kuitika au kutoitika. Chibalonza aliitika.

Mlangoni Peninah alimshika mikono miwili. Alitaka kusema kitu juu ya ile barua, akaishia kusema, "Pole, Mama. Pole sana."

Barua haikurudishwa nyuma. Watu walikuwa wameshaweka sahihi, na wengi waliamini walichokiandika, na pasta naye aliamini. Ilitumwa wiki ile ile. Lakini Jumapili alisema kutoka mimbarini kwamba asiyeweka sahihi asiulizwe na mtu, kwamba mwingine ananyamaza kwa kumheshimu Mungu kuliko sisi tunaopiga kelele. Hakutaja jina. Kisha, wakati wa kuwakumbuka marehemu, alisoma majina kama kawaida, na kati yao akasoma la Murhula. Chibalonza hakuwa ameliandikisha. Katika miaka yote aliyokaa Australia hakuwahi kuliandikisha, kwa kuwa aliona hastahili kumwombea mtu aliyekufa kwa mkono wake kukosea. Alilisikia likisomwa na akabaki ameketi wakati wengine wanasimama kuimba. Clarisse alimwekea mkono mgongoni, akauacha pale mpaka wimbo ukaisha.

Uongozi wa wamama aliuacha mwenyewe mwezi uliofuata. Baadhi ya wamama walikuwa wamesema wazi kwamba kiongozi lazima asimame pamoja na kanisa, na wale waliomtetea walianza kukaa upande wao. Hakutaka wagawanyike kwa ajili yake. Clarisse alichukua nafasi yake, akawa anampigia simu kila Alhamisi kumuuliza jambo lile lilifanywaje na lile lilipangwaje, na Chibalonza alimweleza bila kuchoka. Ijumaa aliendelea kuja kwenye maombi, akikaa karibu na mlango.

Jibu la barua lilifika baada ya miezi minne. Lilikuwa la mistari michache, la adabu: maoni yao yamepokelewa, wanashukuriwa. Peninah alilisoma mbele ya kanisa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akalikunja akarudi mahali pake. Pasta akasema tumefanya sehemu yetu. Ibada ikaendelea.

Aksanti, tangu alasiri ile, hakuwa amesema lolote juu ya aliyoyasikia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukijibu alijibu kwa Kiingereza. Kwake Murhula alikuwa picha moja ndani ya bahasha, mtu aliyekufa vitani, kama walivyokufa wengi. Jumamosi moja alikuwa akimwendesha mama yake kutoka kazini, wako kwenye foleni ya magari, akamuuliza kwa Kiingereza chake, macho yakiwa mbele: mjomba alikuwa mtu wa namna gani?

Chibalonza alidhani anaulizwa juu ya kifo, akaanza kujikusanya.

"Si hivyo," Aksanti alisema. "Kabla. Alipenda nini?"

Mama yake alifikiri. Akamwambia kwamba Murhula alikula haraka mpaka aibu, na kwamba aliweza kupiga mluzi wimbo wowote akiusikia mara moja. Kwamba alimwogopa mbuzi, mtu mzima na lori lake, na alikuwa akizunguka nyumba ili asipite karibu naye. Aksanti alicheka, na Chibalonza akajikuta anacheka pia, akaendelea. Akaeleza siku Murhula alipojifunza kuendesha na kuugonga ukuta wa shule, na viatu vyeupe alivyonunua kwa mshahara wake wa kwanza akavivaa siku ya mvua. Walifika pale pa kuingia kwao, Aksanti akapapita, akakata kona ya mbele ili wazunguke tena mtaa wote. Mama yake aliona, akaendelea kusimulia. Alikuwa bado kwenye habari ya vile viatu.