Gauni la Buluu Katikati ya Viraka

Furushi la shangazi lilifika Iyunga na basi la kutoka Iringa, limekazwa fundo mpaka nikalifungua kwa meno. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mke kijana wa mfanyakazi wa kambi ya barabara, mwaka wa pili tangu niolewe Mbeya. Ndani mlijaa matambara ya kila namna, na ujumbe niliupata kwa mdomo wa utingo: shangazi yako anasema binti yake anaolewa baada ya mavuno, umshonee blanketi la viraka kama lile ulilomshonea mke wa mwalimu, na anasema usimwangushe. Usimwangushe! Mtu aliyenilea kwa masimango miaka saba, leo ndiye wa kuniambia nisimwangushe.

Kazi hiyo nilifundishwa na mama mmoja mzungu wa misheni, aliyekuwa akitukusanya wanawake kila Alhamisi nyuma ya kanisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini macho yake yalijua rangi. Alitukataza kushona kabla ya kutandaza. Vipande vyote vilale kwanza sakafuni, alisema, cheusi kando ya cheupe, na ile rangi inayopiga kelele kuliko zote igawanywe sehemu tatu au nne ili jicho litembee. Ukiiweka mahali pamoja tu, jicho linanasa pale pale wala haliondoki. Nilikuwa mwanafunzi wake mzuri, na hilo la jicho kunasa nililishika kuliko wenzangu.

Basi nikaanza kuchambua. Huku kaki ya kaptula kuukuu, huku pazia la rangi ya damu ya mzee, huku kijani kilichopauka, huku zambarau ya blauzi ambayo shangazi alikuwa akiringa nayo kanisani. Chini kabisa nikakuta shimizi. Lilikuwa la buluu, na maua ya manjano madogo madogo, limekatwa mikono na kuchakaa kwapani. Nikaligeuza pindo. Hapo kwenye pindo palikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi mwekundu, mishono saba imepishana.

Jamani! Tundu lile lilichomwa na kaa la moto nikiwa mtoto, jikoni kwetu Kalenga, huko Iringa, na aliyelishona ni mama yangu. Hatukuwa na uzi wa buluu. Mimi ndiye niliyemtungia sindano kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu, nikahesabu naye mishono kwa sauti. Shimizi hilo lilikuwa gauni la mama yangu, na gauni hilo lilipaswa kuwa kaburini.

Inabidi nieleze. Katika ukoo wetu mwanamke akifa, wifi yake ndiye anayesimamia nguo zake. Siku ya kuondoa matanga anazigawa mbele ya watu, lakini moja haigawiwi. Ile aliyoipenda zaidi anavikwa, kisha juu yake ndipo anazungushiwa sanda ya marekani nyeupe. Mama yangu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, akafika siku ya nne, watu wameshatoka makaburini. Watoto hatukuruhusiwa kuona maiti ikioshwa. Walioingia ni shangazi na bibi mmoja ambaye naye hakumaliza mwaka. Siku ya kugawa nguo nililia nikitaka japo kipande cha lile gauni la buluu, lile ambalo baba alimletea kutoka Chunya. Shangazi akasimama mbele ya wote, akanyoosha mkono juu. "Nimemvika kwa mikono yangu hii," alisema. "Amekwenda nalo. Mungu ananiona."

Nami nikaacha kulia, maana hilo lilikuwa jibu. Baba alirudi Chunya akaniacha kwa dada yake. Nililala kwake kwenye ngozi, na baridi ya Kalenga mwezi wa Julai si ya mchezo, ila kila nilipojikunyata nilijiambia mama amevaa la buluu. Neno hilo lilinilaza. Kumbe gauni lenyewe nililala nalo nyumba moja! Shangazi aliligeuza shimizi, akalivaa chini ya zambarau yake, akaenda nalo kanisani, akapiga magoti nalo. Alilichoka, akalitupa kwenye sanduku la matambara, akasahau. Nina hakika binti yake ndiye aliyekomba sanduku lote bila kujua kitu, akafunga furushi.

Sikulia. Nilicheka, tena kwa sauti, mpaka jirani yangu, mwanamke wa Kisafwa, akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia shangazi yangu ameniletea zawadi.

Ningeweza kumpelekea shimizi lake na kumtukana. Thubutu! Angekana, angesema vitambaa vinafanana, angenigeuzia kibao niwe mtoto asiye na shukrani. Nilitaka akamatwe mbele ya watu wale wale aliowanyooshea mkono. Siku ya kumuaga binti, kwetu zawadi hufunguliwa uani mchana kweupe, wanawake wawili wanashika pembe na kuinua kila mtu aone. Wote waliozika watakuwepo. Na wakiliona gauni la maiti limeinuliwa juu, watauliza swali moja tu, limetokaje huko chini? Kwa watu wetu, anayechukua nguo kaburini ana jina lake, na jina hilo ni mchawi. Kwa hiyo shangazi atakuwa na njia mbili. Akubali kwamba alimwibia marehemu, ama akae kimya aitwe mchawi siku ya kumwoza mwanawe. Achague mwenyewe. Nilikuwa na raha, sitadanganya.

Nikatandaza viraka sakafuni. Kwanza kile cha buluu chenye mishono myekundu nilikiweka pembeni, karibu na kijani, kikazama. Nikakizungushia zambarau yake, nikidhani itakuwa kejeli nzuri, lakini zambarau ilikula manjano ya maua yote. Nikajaribu damu ya mzee. Hiyo ilifanya uzi mwekundu usionekane kabisa, nami uzi ndio niliokuwa nauhitaji, maana vitambaa vinafanana lakini mkono wa mama yangu haufanani na wa mtu. Siku tatu nilipanga na kupangua. Mume wangu akirudi kazini anapita ukutani kwa ukuta asikanyage, anasema sasa nyumba hii ni ya matambara.

Siku ya nne nikachukua mfuko wa unga wa kitambaa cha marekani, nikauchemsha na majivu mpaka maandishi yakatoka, nikaukata vipande vinane vyeupe. Nikakiweka cha buluu katikati kabisa ya blanketi, weupe ukakizunguka pande zote. Nje ya weupe nikapanga kaki na kahawia tu, rangi za udongo, halafu zambarau na kijani nikazisukuma mbali ukingoni. Nikapanda juu ya kigoda nikatazama. Buluu ndani ya marekani, marekani ndani ya udongo, ndivyo hasa shangazi alivyoapa kwamba alimfanyia mama.

Nikamwita jirani yangu, nikamwambia asimame mlangoni, afumbe macho kisha afumbue. "Unaona nini kwanza?"

"Hicho cha buluu," alisema. "Mbona umekitenga hivyo? Kinaniita." Kisha akasogea. "Na huu uzi mwekundu ungeutoa, unaharibu."

"Huo ndio haswa ninaouhitaji," nikasema.

Nikapiga bandi, ile mishono ya kushikiza vipande, jioni ile ile, nisije nikabadili moyo. Maana kulikuwa na kitu kimoja kilichonikereketa. Binti wa shangazi hakuwa na kosa. Alikuwa akinifichia viazi mama yake aliponinyima chakula, na harusi ilikuwa yake. Nililijua hilo kila nilipovuta uzi. Nikaendelea kushona.

Nilipofika Kalenga na furushi langu, shangazi alinipokea kwa "Kamwene, mwanangu" na kunikumbatia mbele ya wageni. Akataka kulifungua pale pale ndani. Nikamwambia hapana shangazi, blanketi kama hili ni la kuonwa na watu. Akafurahi sana, akaenda kuwatangazia wenzake kwamba fundi wake wa Mbeya amekuja.

Uani wanawake walikuwa wamejaa. Yakafunguliwa masufuria, ikafunguliwa mikeka, vigelegele. Likaja langu. Wanawake wawili wakashika pembe, wakainua, na vigelegele vikapanda kuliko vyote, kwa sababu lilikuwa zuri, acheni nijisifu. Kisha upande wa mbele wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Rafiki wa mama yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akienda naye kuteka maji, aliinuka kwenye mkeka, akasogea, akaweka kidole kwenye mishono ile saba.

"Hili ni gauni la marehemu," alisema. "Tulimcheka kwa huu uzi." Akageuka kwa shangazi. "Wifi, si ulisema alikwenda nalo?"

Wale wawili walioshika pembe wakaliachia, likaanguka chini, wakajifuta mikono kwenye nguo zao. Neno "limefukuliwa" lilianza nyuma, kwa sauti ndogo, likaja mbele. Mmoja akamvuta mwanawe karibu. Kijasho chembamba kilimtoka shangazi juu ya mdomo. Alinitazama, na nilihakikisha ananiona nikimtazama. Nilikuwa nimeisubiri sura ile.

"Viraka vilitoka kwenye furushi lako, shangazi," nikasema. "Mimi nimeshona tu nilicholetewa."

Binti yake akainuka, shela la kuazima kichwani. "Mama, ni nini?" akauliza. "Mama, waambie."

Basi akachagua. Alishuka magotini pale pale mbele ya masufuria. "Sikufukua," alisema. "Wallahi, Mungu wangu, mimi si mchawi. Sikumvika kamwe. Lilikuwa zuri, nikaona udongo utaliozesha bure. Nililichukua. Niliwadanganya." Akajipiga kifua. "Mimi ni mwizi. Niiteni mwizi."

Lo, niliyapata yote niliyoyataka! Wanawake walimzomea. Rafiki wa mama yangu alitema mate chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Iyunga, ya kumwambia kuhusu ngozi niliyolalia na viazi nilivyonyimwa, na huo ndio ulikuwa wakati wake. Lakini nilipofungua mdomo likatoka swali, swali ambalo katika siku zote zile za kupanga na kupangua viraka sikuwahi kulifikiria.

"Basi mama alizikwa na nini?"

Shangazi akainamisha kichwa.

"Shangazi, nakuuliza. Chini ya ile marekani, mama alivaa nini?"

"Kaniki," alisema polepole. "Ile ya kulimia. Ilikuwa na matope mpaka magotini, mwanangu. Hatukuifua."

Binti yake alilia, akavua shela akaingia ndani, na harusi ikasogezwa mpaka mwaka uliofuata. Shangazi hakukanyaga tena kanisani. Sijamsamehe, wala sina mpango huo. Lakini kwa miaka tisa nilikuwa nikilala nikijua mama yangu amevaa la buluu, na baridi haimfikii. Niliuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote, na nikajibiwa.