Mume Wangu Ndiye Mgeni Rasmi, na Anataka Mwanangu Amwite Kaka

Admin, ficha jina langu na la shule, mengine yaache kama nilivyoandika. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nimezaliwa Tarime, nimeolewa huku wilaya ya Serengeti. Nina watoto watatu. Mkubwa, nimwite Bhoke, anamaliza kidato cha nne na mahafali yao ni Ijumaa hii. Naandika nina hasira, mnisamehe.

Mume wangu ni mhadhiri wa chuo kikuu huko mjini. Daktari wa vitabu, siyo wa sindano. Alinioa akiwa bado mwanafunzi, ng'ombe wakatoka zizi la mama yake kwa sababu baba alishafariki. Yeye akarudi kusoma, mimi nikabaki na mama mkwe, nalima, nakamua, nalea. Likizo anakuja. Baadaye nikasikia ameoa mwingine huko, msomi mwenzake. Sikupiga kelele. Kwetu mwanaume kuwa na wake wawili siyo habari ya kukimbilia kwa mwenyekiti.

Sasa shule imemwalika awe mgeni rasmi. Juzi akaja mwalimu mmoja kijana, mgeni huku, katokea kusini. Ndiye amepewa kazi ya kumtambulisha, akataka tumwambie Daktari anapenda nini, asije akaonekana mtu wa vyeti tu. Mama mkwe akacheka, "Muulize huyu. Mimi nilimjua akiwa mtoto."

Basi nikamwaga. Jamani nilifurahi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia anapenda ugali wa mtama na mgagani uliolala kwenye maziwa, na ukoko wa sufuria ni wake, watoto hawagusi. Starehe yake ni redio mbovu. Anazinunua Sirari mpakani, akija likizo anazifungua zote kwenye mkeka, anarudishia, skrubu zinabaki, redio haziongei, na yeye anacheka peke yake. Akisoma analala kifudifudi. Kuku akimpitia miguuni anaruka. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mbona kwenye simu mwenyewe kasema anapenda kahawa na kuogelea?"

"Kuogelea? Huyo anayevuka mto kwa kushika mkia wa ng'ombe?"

Tukacheka tena. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Kweli mama unamjua. Alinieleza wewe ndiye yule aliyeolewa na mama yake. Nyumba ntobhu, au nimekosea kutamka?"

Kwa wasiojua, huku kwetu mama mzee asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Binti anazaa na mwanaume mwingine, na watoto wanakuwa wa yule mama na ukoo wake. Ndiyo nyumba ntobhu, ni ndoa ya heshima, siidharau. Lakini mama mkwe wangu mtoto wa kiume anaye, ndiye huyo huyo Daktari! Mkurya yeyote angecheka. Mwalimu wa kusini atajuaje? Mke wa mjini atajuaje? Na mila zetu ndizo mume wangu anazofundisha chuoni, alijua kabisa nani atamwamini.

Nikamtazama mama mkwe. Akainamia mtama aliokuwa anapepeta. Nikajua anajua.

Mwalimu alipoondoka nikampigia simu mume wangu. Hata hakukataa. "Mama Bhoke, ni siku moja tu. Nakuja na mwenzako, naye nimemwambia hivyo hivyo, na wakubwa wangu wa kazi. Wewe kaa na mama, utatambulishwa vizuri kama mke wake. Na mtoto mwambie siku hiyo aniite kaka."

"Akuite nani?"

"Kaka. Na ukiniaibisha pale, utarudi kwenu Tarime, watoto wanabaki." Akakata simu.

Mama mkwe akaniambia nivumilie, yeye ana huyo mmoja tu. Nikamuuliza, "Mama, mimi nilikuja hapa kuolewa na nani?" Akabeba ungo wake akaingia ndani. Yule mama hajawahi kunitesa hata siku moja, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Jana nikaamua kumwambia Bhoke. Kabla sijafungua mdomo, akaingia anaruka ruka, amechaguliwa yeye kusoma risala mbele ya mgeni rasmi. Akafunga mlango. "Mama, usimwambie baba, nataka nimshtukize." Akanisomea yote, maji, maabara, bweni la wasichana. Mwisho ameongeza maneno yake, hata mwalimu hajayaona:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba nitoke nje ya itifaki. Baba, mimi ni binti yako. Mimi ndiye nakushikia bisibisi ukitengeneza redio. Asante kwa kunilea. Na mama yangu yupo hapa. Mama, simama wakuone."

Kisha akaniuliza, "Utavaa kitenge gani, nijue nikutafute wapi?"

Nikamwambia kile cha njano.

Nikimwambia ukweli, atavunjika moyo, na mtihani wa taifa uko mbele yake. Nikinyamaza, atayasema mbele ya mke wa mjini na hao wakubwa, na baba yake ana uwezo wa kushika kipaza sauti akamkana mtoto hadharani. Mimi nitafukuzwa, na wale wadogo wawili nitawaacha. Na niseme lote, kuna upande wangu unatamani asome hivyo hivyo, kila mtu asikie. Hapo ndipo ninapojiogopa, maana nitakuwa nimempiga mume wangu kwa mkono wa mtoto.

Kitenge nimeshakifua, kipo kwenye kamba. Ndugu zangu, Ijumaa haiko mbali, nishaurini. Nimwambie mwanangu kwamba baba yake anataka kuitwa kaka? Au niende, nikae pale na mama mkwe, na Bhoke akisema mama simama, nisimame?