Kawa la Bibi Juu ya Paa

Enzi zetu, sisi tuliosoma wakati wa Mwingereza, somo la kazi za mikono halikuwa mchezo. Siku moja Mwalimu Hamisi alitwambia kila mtu afinyange nyumba anayoiota. Wenzangu pale Mchinga wakafinyanga boma la Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, na maduka ya Wahindi. Mimi nilifinyanga jiko la bibi yangu.

Bibi alikuwa anapofuka kwa moshi. Akipuliza makumbi ya nazi jikoni, machozi yalimtiririka mpaka kwenye kanga. Jumamosi ile majirani walikuwa waje kumkandikia jiko jipya, nami nilimsihi baba aache uwazi juu ya paa moshi utoke, na kipaa kidogo juu yake.

"Nyumba haivai kofia mbili," alinijibu. "Mvua ikinyesha je?"

Basi paa la kijumba changu nikalitoboa katikati, na juu ya tundu, kwenye vijiti vinne, nikaweka kawa jipya la bibi, lile la ukili wa rangi alilosuka kwa ajili ya kufunikia wali wa Idi. Ruhusa sikuomba. Loh!

"Hii nyumba, au wali umefunikwa?" Mwalimu aliuliza. Darasa zima likaangua kicheko. Nililia jamani, sisemi uongo.

Mara bibi huyo mlangoni! "Yuko wapi mwizi wangu?" Hata shikamoo ya mwalimu aliiitikia nusu. Upesi upesi nikawasha makumbi ndani ya kijumba. Moshi ukapanda, ukatokea chini ya kawa. Mwalimu akamwaga kata ya maji juu ya kawa, kama mvua. Ndani moto haukuzimika. Bibi akainama, akaweka uso kwenye kijilango, akakaa hapo. Alipoinuka, macho yalikuwa makavu.

"Kamwambie baba yako," alisema, "kama si jiko kama hili, udongo wa kunikandikia asiukanyage."

Baba alijenga. Bibi alipika humo miaka mingi, na wali akaufunika kwa sahani, maana kawa alimwachia mwalimu awaonyeshe wengine.

Leo mjukuu wangu anasomea uchoraji wa majumba, Dar es Salaam. Anachora kwa kompyuta, vioo vitupu, ngazi zinaning'inia hewani. "Bibi, sisi siku hizi tunawaza mbali," ananiambia. Haya, mwanangu, namsifu. Enzi zetu mchoraji alimjua mpishi kwa jina. Nami kila mara namuuliza jambo moja tu: "Humu atapika nani?"