Mboga ya Kuwasha

Juzi nilipita Rongai, nikamwomba mwanangu asimamishe gari kando ya shamba nilikolelewa. Laini za wafanyakazi, zile safu za nyumba tulizopewa, hazipo tena. Palipokuwa na vyumba vyetu vya udongo pamelimwa mahindi mpaka ukingoni mwa barabara, nami nikasimama pale nikinusa moshi wa kuni usiokuwapo.

Wewe uliyekulia mashamba ya wazungu miaka ile ya hamsini unaijua posho. Kila Jumamosi baba alirudi na unga wa mahindi, maharagwe na chumvi, basi. Mama alikuwa amekuja kutoka magharibi na mbegu za mboga, mrenda na kunde, lakini Bwana mwenye shamba hakuruhusu mfanyakazi alime hata nyuma ya nyumba; alisema mwenye bustani yake huchelewa kazini. Soko la Nakuru lilikuwa mbali, na mama alishinda akichuma maua ya pareto shambani. Kwa hiyo leo tulikula ugali na maharagwe, kesho maharagwe na ugali. Tulishiba, sitakudanganya. Lakini mdogo wangu alianza kutoka vidonda pembeni mwa mdomo, kisha ufizi ukawa unavuja damu.

Katika chumba kilichopakana na chetu alikaa jirani, mama wa Kikipsigis. Alipomsikia mtoto akililia uji asioweza kuumeza, aliingia na sufuria. Mama alifunua, akatambua yale majani ya mtoni yanayowasha ngozi, akakataa katakata. Kwao magharibi majani hayo yalikuwa ya kuwatishia watoto watukutu, si ya kula. Jirani hakubishana. Aliketi, akala tonge baada ya tonge mbele yetu, akafuta mdomo.

"Moto unamaliza kuwasha," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Huyu mtoto anataka mboga. Hajauliza ni ya kabila gani."

Mama alichota kidogo, akaonja. Baadaye alikuwa akisema kwamba kilichomzuia si ladha, ni ugeni: mtu akiwa ugenini hushikilia chakula cha kwao hata kama hakipo. Mtoto alikula siku ile na siku zilizofuata, na vidonda vikafunga.

Tangu hapo wale wanawake wawili waliteremka mtoni pamoja wakitoka pareto, mikono wameifunga matambara, nami nyuma yao. Jioni moja nyapara alitusimamisha langoni. Mahindi yalikuwa yameibwa ghalani, na kila kikapu kilikuwa kikipekuliwa.

"Ni majani tu, mzee," mama akamwambia. "Na yanawasha."

Nyapara aliona ni ujanja. Alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa mbio zaidi kuliko alivyouingiza. Hakuna aliyecheka. Jirani alimpaka tope la mtaroni mpaka akatulia, mama akakitwika kikapu, tukapita.

Siku chache baadaye mke wa nyapara alikuja mlangoni kwetu, akasimama akiangalia chini. Watoto wake nao walikuwa na vidonda. Aliuliza yale majani yanapikwaje. Mama alimkaribisha jikoni, akampa matambara ya kufunga mikono, na kabla ya mvua ndefu kwisha karibu kila sufuria ya laini ilikuwa na kitu cha kijani.

Uhuru ulipokuja shamba liliuzwa, likagawanywa. Sisi tulihamia Free Area, pale Nakuru, jirani akaelekea Kericho na mumewe. Mdogo wangu ni mzee sasa na bado anatafuna muwa kwa meno yake mwenyewe. Ukienda sokoni leo utapata mboga za makabila yote, zimefungwa mafungu, na hakuna anayekuzuia kulima nyuma ya nyumba yako. Naufurahia wakati huu, wala siulilii ule.

Ila mama, mpaka uzeeni, kila alipokutana na mtu wa Kericho alimwuliza habari za rafiki yake. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Sote pale laini tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina lake mwenyewe hatukuwahi kumwuliza.