Deni Mwenye Mkia

Shule sikukaa sana, lakini ngeli za Kiswahili nilizijua nyumbani, kwa sababu ya paka.

Paka mwenyewe anaitwa Deni. Aliingia kwetu ndani ya boksi la cherehani. Shangazi yangu, ambaye ni fundi wa kushona na ndiye anayenilea, alikuwa amekwenda kwa mzee mmoja anayeuza vyombo vya nyumbani kwa mkopo, akachukua vitu vitatu kwa mpigo: friji, kitanda na cherehani ya umeme. Huyo mzee watu wanamwita Polepole, kwa sababu mteja akishtushwa na bei, yeye humwambia, "Chukua tu, utalipa polepole." Siku ya kudai hana upole wala upolepole. Anakuja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Tulipofungua boksi tukakuta juu ya cherehani kitoto cha paka kimejikunja, kimelala kama nacho kimenunuliwa. Shangazi akakitazama, akatazama friji, akatazama kitanda, akasema, "Haya, na hili nalo ni deni." Jina likamganda palepale.

Tangu hapo Shangazi akawa mkali wa ngeli kuliko mwalimu. Hakutaka mtu amchanganyie paka wake na mkopo.

"Ukisikia a, ni mwenye mkia," alinifundisha, pini kazibana mdomoni. "Deni amekula, Deni amelala. Ukisikia li, ni la Polepole. Deni limekua. Deni limechelewa."

"Hata la Polepole lina mkia," alidakia jirani yetu mfuga kuku, ambaye kizingiti chetu ndicho kiti chake cha kila siku. "Mkia wake unaitwa riba."

Shangazi alicheka mpaka pini zikamtoka, tukashinda tumepiga magoti kuzitafuta.

Ndivyo alivyo. Anashonea chumba cha mbele, karibu na dirisha, futi ya kupimia ikiwa shingoni hata wakati wa kula. Akimwona mtu anapita barabarani anamkata kwa macho: kiuno hiki, bega hili, huyu kanenepa tangu sikukuu. Hasemi "sina hela". Anasema "bado haijafika", kama vile hela iko njiani imekwama kwenye foleni. Friji aliizima tangu mwezi wa kwanza, maana umeme wote aliutaka uende kwenye cherehani, na ndani yake akapanga vitambaa vyeupe vya wateja visiingie vumbi. Mgeni akiomba maji ya baridi, anapewa maji ya mtungini na maelezo.

Makubaliano na Polepole yalikuwa na kipengele kimoja kibaya. Awamu ya mwisho ikichelewa, mzee anaruhusiwa kubeba kitu kimoja, achague mwenyewe. Hatukuhitaji kuuliza angechagua nini. Kitanda kilishaanza kulia usiku kama mlango wa zamani. Friji ilikuwa kabati. Kilichobaki ni cherehani, na cherehani ndiyo iliyotulisha sote watatu, pamoja na huyo mwenye mkia.

Shangazi alilipa awamu zote, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa tayari, ameifukia kwenye kopo la vifungo. Basi Deni akachagua wakati huohuo kuugua.

Aliacha kula. Akakaa chini ya meza, mdomo nusu wazi, kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema. Nilipolala chini kumchungulia, nikaona uzi wa kijani unaning'inia pembeni ya ulimi wake. Nikamwita Shangazi.

"Uzi wangu wa sketi za shule!" Shangazi akaushika, anataka kuuvuta.

"Usivute!" jirani alipiga kelele kutoka kizingitini. "Kuku wangu alikula uzi nikavuta. Nilivuta mpaka vitu vya ndani!"

Shangazi akaachia uzi kama umeshika moto. Akaangalia mto wa kuchomekea sindano. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Sindano moja haipo," alisema.

Tukambeba ndani ya kikapu mpaka kwa daktari wa mifugo. Ni dada kijana, mikono imezoea ng'ombe, anaongea haraka na vitu vyote duniani kwake ni ngeli moja.

"Mama, paka imekula uzi. Na sindano iko humo humo. Lazima ipigwe picha."

"Amekula," Shangazi alisema.

"Eh?"

"Paka amekula."

"Ndiyo, mama, imekula, ndiyo hiyo nakwambia."

Ukaanza mlolongo. Kwanza ilikuwa picha ya tumbo peke yake, na Shangazi akasema picha si kitu, hata mimi nimeshapigwa. Picha ikaonyesha sindano imelala ndani ya Deni, imenyooka vizuri. Kwa hiyo ikawa upasuaji. Upasuaji ukataka dawa ya usingizi. Usingizi ukataka dripu. Kila tuliporudi kumtazama kulikuwa na kitu kingine kimezaliwa. Nyumbani kopo la vifungo lilizidi kupiga kelele, maana noti zikiisha vifungo vinapata nafasi ya kugongana.

"Shoga," jirani alisema, "kwa hela hiyo ungepata paka wangapi?"

"Wengi," Shangazi alijibu. "Ila aliyekula sindano yangu ni mmoja."

Siku kopo lilipobaki na vifungo vitupu, Shangazi alivaa gauni lake la kutokea, akaniambia nibebe mfuko, akaenda kwa Polepole kabla Polepole hajaja kwake. Watu wanaodaiwa na yule mzee hupita uchochoro wa nyuma ili wasionekane. Shangazi aliingilia mlango wa mbele.

Ndani kulikuwa na makochi yamepangwa yamegeukia ukutani, kama watoto waliopewa adhabu. Mke na mume walikuwa wamekalia kochi moja, wanalijaribu kwa kurukaruka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Umeleta?"

"Nimekuja kukwambia bado haijafika."

Polepole alitabasamu kwa mdomo tu, macho hayakushiriki. "Basi cherehani ijiandae na safari."

 Macho ya Shangazi yalishakwenda kwenye kochi la karibu. Akaligeuza kidogo. Kitambaa cha nyuma kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na sponji inachungulia.

"Mzee, hili kochi lina dirisha?"

"Panya," Polepole alinong'ona. "Shusha sauti, kuna wateja."

"Panya!" Shangazi alisema, sauti ileile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Panya wa wapi, Mzee?"

Mke wa yule mteja akaacha kuruka.

"Fundi, njoo huku nyuma tuzungumze," Polepole alisema haraka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona anamshika mtu mkono bila kumdai.

Huko nyuma wakazungumza. Shangazi angeyashonea kava mpya makochi yote yaliyotafunwa, mzee atoe kitambaa, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa awamu ya mwisho.

"Nusu ya awamu," Polepole alisema.

"Nzima. Au chukua cherehani, uzishone kwa meno ya hao panya."

"Nitakagua kwanza. Zikinipendeza tutaongea."

Hakusema ndiyo. Shangazi alishona tu. Chumba chetu kilijaa kitambaa cha makochi mpaka tukawa tunapita upandeupande, na jirani alihamishwa kizingitini akakae kwenye ndoo. Cherehani iliunguruma, Shangazi akiibembeleza: "Twende, mama, twende, usije ukaniaibisha wiki hii." Tulipopeleka kava, Polepole alivaa miwani, akavuta kila mshono kama anatafuta ugomvi. Haukukatika hata mmoja. Akavua miwani.

"Tutaona," alisema.

Tukarudi na hilo "tutaona" letu. Siku ya mwisho ikafika, Polepole kimya, na Deni bado amelazwa kwa daktari.

Asubuhi hiyo simu ya Shangazi ililia mlio wa ujumbe. Mikono yake ilikuwa ndani ya marinda ya gauni la mtu.

"Nisomee."

Namba ilikuwa ngeni. Nikasoma: "Deni imeisha. Njoo uchukue."

Cherehani ikanyamaza.

"Soma tena. Imeandikwa limeisha?"

"Imeisha, Shangazi."

"Siyo li?"

"I."

Nyumbani kwetu hakuna anayesema hivyo. Na Polepole hajawahi kumwandikia mtu ujumbe, anaona ni kutupa salio wakati miguu anayo. Mtu pekee tuliyemjua ambaye kwake paka imekula na paka imelala alikuwa daktari.

 Shangazi alivua futi shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani. Kisha akafungua friji, akapekua, akatoa kitambaa cheupe kizuri kuliko vyote vilivyokuwemo.

"Shoga," jirani alisema kwa sauti ndogo, "hicho si cha bibi harusi?"

"Bibi harusi atasubiri. Huyu hawezi kusubiri."

Njia nzima Shangazi alikuwa anaongea peke yake. Alisema hatafuga tena kitu chenye mdomo. Alisema sindano yenyewe ilikuwa butu, angeitupa siku nyingi. Alisema cherehani waichukue tu, wabebe, imekula mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu kitupu.

Tukamkuta daktari uani, amemshika mbuzi pembe.

"Mama! Umefika vizuri. Njoo uichukue, imetuchosha."

Shangazi akanyoosha kitambaa mikononi. "Iko wapi?"

Hata yeye siku hiyo alisema iko.

"Si hiyo hapo!"

Juu ya meza alikuwa amekaa Deni, tumbo limenyolewa, shingoni amevishwa plastiki kama faneli ya mafuta ya taa. Alitutazama kutoka ndani ya faneli kwa hasira ya mtu aliyecheleweshewa chakula.

Shangazi alimkumbatia, faneli ikamgonga kidevu, akacheka na kulia kwa pamoja. Alipomaliza akamgeukia daktari.

"Sasa wewe dada, kwa nini uniandikie imeisha?"

"Mimi? Sijaandika chochote. Mikono yangu yote iko kwa mbuzi tangu asubuhi."

Shangazi akaniomba simu. Akausoma ujumbe mwenyewe, herufi kwa herufi, midomo inacheza. Nikaona sura yake inabadilika kidogokidogo, kama kitambaa kinachopigwa pasi.

"Deni..." alisema. "Deni limeisha?"

Alitaka kukimbia, lakini daktari akamzuia: kulikuwa na bili iliyobaki, ya dripu za mwisho na ile plastiki.

"Na faneli nayo inalipiwa?"

"Inalipiwa, mama. Lakini usijali, utalipa polepole."

"Neno hilo," Shangazi alisema, "usiniambie tena maishani."

Tulifika dukani na Deni amefungwa ndani ya kitambaa cha bibi harusi, faneli peke yake ndiyo iko nje. Mezani alikaa msichana tusiyemjua, simu mkononi. Alikuwa binti wa Polepole, amekuja kumsaidia baba yake kazi.

"Wewe ndiye Fundi? Mimi ndiye nimekuandikia. Baba amesema kava zimempendeza. Deni imeisha. Karatasi yako hii hapa, imegongwa muhuri."

"Limeisha, mwanangu," Shangazi alisema. "Li! Limeisha! Unajua nimelia kiasi gani kwa ajili ya hiyo i yako?"

"Ndiyo, mama," msichana alisema kwa huruma. "Imeisha kabisa."

Polepole akatokea nyuma. Alimwona Deni, akasimama. Wakati huohuo kitu kilikwaruza chini ya kochi, na faneli ikageuka upande ule yenyewe, kama dishi la televisheni.

"Huyo si yule wa hapa dukani?" mzee aliuliza. "Tangu apotee ndipo panya waliponiingilia! Aliondoka ndani ya boksi langu. Basi ni wangu."

"Ni wako, Mzee," Shangazi alisema, akamnyooshea bili ya daktari. "Na hii nayo ni yako."

Polepole akaisoma, akairudisha haraka. "Nilikuwa natania." Akakuna kichwa. Akatazama makochi yake yenye kava mpya, akasikiliza tena ule mkwaruzo. "Fundi, sikiliza. Akipona, si ungeniazima?"

"Sisikii."

"Nikopeshe."

"Nikukopeshe nini?" Shangazi aliuliza, na dukani kulikuwa na wateja wa kutosha.

Mzee akawatazama wateja. "Nikopeshe Deni."

Shangazi alilitafuna lile neno kwa raha zake kabla ya kujibu. Masharti aliyatoa papo hapo. Bili iliyobaki ataimaliza Polepole. Kila wiki atalipia kazi ya paka. Asubuhi atakuja kumchukua, jioni atamrudisha kabla taa hazijawashwa. "Na ukichelewa, Mzee, nabeba kitu kimoja, nachagua mwenyewe." Akalitazama kochi kubwa kuliko yote.

Deni alipopona alianza kazi. Sijui kama anakamata panya kweli, maana kila nikipita namwona amelala juu ya kava tulizoshona. Lakini mkwaruzo umekwisha, na mzee halalamiki. Bibi harusi aliolewa akiwa na kitambaa chake, manyoya mawili matatu yakiwa ndani ya pindo, na jirani kila asubuhi anawatangazia wapita njia: "Habari ya mjini mmeisikia? Polepole ana Deni!"

Jioni, taa zikikaribia kuwashwa, tunasikia viatu vinakuja mbio barabarani. Ni yeye, kamba moja haijafungwa, anahema, Deni amening'inia kwapani.

Shangazi haondoi hata mguu kwenye pedali.

"Mlete taratibu, Mzee," anasema. "Polepole."