Kikombe cha Dirishani

Marehemu kaka yangu Himyar alikuwa fundi wa friji hapa Kigombe. Asubuhi alitengeneza friji za wauza samaki. Baada ya alasiri alisomesha tafsiri ya Qurani barazani kwetu, wanaume mkekani, mimi ndani nyuma ya dirisha. Tuliishi wawili tangu mkewe afariki na mimi niachike, miaka kumi na tisa.

Darsa yake ilikuwa na sharti moja. Mwenye pingamizi hufudikiza kikombe chake cha kahawa, mdomo chini, na hakigeuzi mpaka aridhike na jibu. Himyar hakupenda watu waitikie tu. "Mungu hakutupa akili tukaigandishe," alikuwa akisema.

Jumatano ile alifika sura ya Manabii, pale tunapoambiwa kwamba lau mbingu na ardhi zingekuwa na miungu mingine pamoja na Allah, zingeharibika. Akaeleza: mmoja akitaka jua lichomoze na mwenziwe akatae, hayawezi kuwa yote mawili. Atakayeshindwa si mungu.

Nikafudikiza kikombe changu dirishani. "Na wakikubaliana siku zote, je?"

"Maalim, leo umepatikana!" Uweso, muuza pweza, alicheka. "Na wewe Bi Muzna, utalala na kiu."

Himyar naye alicheka. "Kesho, dada. Hilo lataka jibu la kutulia."

Alfajiri hakuamka.

Arobaini imepita. Mkeka nimeukunja. Kikombe sikukigusa, nilipangusa vumbi pembeni yake tu. Naswali na naamini, lakini niliona vibaya kubaki na swali hilo, na wa kunijibu yuko udongoni.

Jana nilikuwa nakaanga samaki, nikashika pilipili, mkono ukasita. Himyar hakula pilipili, nami miaka yote sikuitia. Yeye redio yake aliipeleka uani kwa sababu ya maumivu yangu ya kichwa. Majirani walisema hatujawahi kupingana. Kweli, lakini tulikubaliana kwa kuwa tulihitajiana, kila mmoja akiacha lake kwa ajili ya mwenziwe. Basi hata miungu wakikubaliana siku zote, anayehitaji ridhaa ya mwenziwe ni mja, kama sisi. Mola hangoji ridhaa ya yeyote.

Nikaenda dirishani, nikakigeuza kikombe. Nikasimama kidogo nikingoja kaka animiminie, mazoea tu. Kisha nikarudi jikoni kuteleka kahawa, na maji nikatia ya watu wawili.