Tundu Lililoachwa Kavu

Naikumbuka vizuri siku ile ya mvua za kwanza, mwanangu, na waliokuwapo nawakumbuka wote. Alikuwapo Mzee Kombo, mtu wa Tanga, mwenye nyumba ya wageni pale Mbeya mjini. Alikuwapo Mwalongo, dereva kutoka Iringa, ambaye lori lake lilikuwa limevunjika springi naye akawa anasubiri kipuri. Walikuwapo wadogo zangu, Atupele na Lwitiko, wamekaa kwenye benchi na nguo zao za safari. Alikuwapo Shangazi Tusekile, dada wa marehemu baba, aliyepanda basi alfajiri kutoka Chimala. Na nilikuwapo mimi, Ambakisye, nimepiga magoti chini ya tangi la samaki, mikono imelowa hadi viwikoni.

Nguo za safari zilikuwa na maana yake. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nami niliyekuwa mkubwa nikaacha shule darasa la tano. Ufundi bomba nilijifunza kwa kubeba mabomba ya wengine. Tulipanga chumba mtaa wa Soweto, pale pale Mbeya, sisi watatu, na niliapa moyoni kwamba hatutatawanyika. Lakini ukoo ulikaa kikao bila mimi. Ikaamuliwa Lwitiko aende Chimala kwa Shangazi, na Atupele apelekwe Rujewa kwa baba mdogo. Shangazi alikuja kuwachukua. Nilimwomba kitu kimoja tu, asubiri nimalize kazi ya siku ile. Mzee Kombo alikuwa ameniahidi kwamba tangi likitulia, atanipa kazi ya kudumu ya mabomba yote ya nyumba yake, pamoja na chumba cha uani. Nikajiambia, kijana mwenye kazi ya kudumu, nani atamnyang'anya wadogo zake?

Lile tangi lilikuwa la vioo, refu kama kitanda. Mzee Kombo alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Maji ya bahari yaliletwa kwa mapipa kwa reli mpya, samaki wakafuata. Watu walikuja kushangaa samaki wa njano na kaa mmoja asiyependa kuonekana. Kila siku alitokea mtu wa kuuliza kwa nini mzee asinunue chumvi dukani akaikoroga mwenyewe. "Sawa," alikuwa akijibu, "na wewe siku ukitaka maziwa, nitakukorogea chokaa."

Tangi lilikuja likiwa limetobolewa tayari, matundu mawili kwenye kona, upande wa chini. Tundu la kwanza lilikuwa na bomba lililosimama ndani ya tangi. Maji yakifika mdomoni mwa bomba yalianguka hadi kwenye pipa lililofichwa kabatini. Kutoka kwenye pipa, pampu iliyasukuma yarudi juu kupitia tundu la pili. Kazi yake haikuwa na kasoro, ila kelele. Maji yalipoanguka yalivuta hewa, na hewa ile ilikoroma usiku kucha.

"Mzee Kombo," Mwalongo alisema asubuhi ile, "mimi umenipa chumba, usingizi umewapa samaki. Babu yangu kule Kalenga akikoroma mbwa wanabweka, lakini kwa hili tangi angenyamaza kwa heshima."

"Wewe si unalala kwenye lori?"

"Lori nalizima, mzee. Hili halina swichi."

Nilikuwa nimelifikiria tatizo hilo wiki nzima. Kama bomba la kushusha litajaa maji tupu, bila nafasi ya hewa, halitakoroma. Basi chini ya tundu la kwanza nikafunga mpira, na mpira huo nikaubana kwa vipande viwili vya mbao na boliti, nikikaza kidogo kidogo hadi maji yakapita kimya kama mafuta. Chuma sikutumia mahali popote pa kugusa maji, maana chumvi ya bahari hula chuma, na kutu ikiingia samaki hawaponi. Maji ya kupanda nikayapitishia juu, kwa mpira mwingine uliovuka ukingo wa kioo. Likabaki tundu la pili, kavu, halina kazi. Nikachonga kizibo cha mti, nikakivika raba ya tairi.

Hapo ndipo Shangazi aliponyanyuka kwenye benchi.

"Ambakisye, hilo tundu unalifanya nini?"

"Naliziba, Shangazi. Halina kazi tena. Si nyie mliotufundisha usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Ufa ni ufa, na mlango ni mlango. Wewe mtoto umetoka Usangu ipi hata unalima jaruba lenye mlango mmoja?"

Mwanangu, kama hujawahi kulima mpunga kama sisi watu wa bonde la Usangu, nikueleze. Jaruba, kile kipande cha shamba la mpunga, huzungushiwa tuta, na maji yana mahali pa kuingilia na pa kutokea. Lakini mkulima mwenye akili huacha na mwanya mwingine juu ya tuta, umepita kimo cha maji kidogo tu. Mwanya huo unaweza kukaa mkavu msimu mzima, na mgeni akiupita atasema mwenye shamba ni mvivu. Siku takataka zikiziba mlango na mvua ikazidi, ndio unaoliokoa tuta lisibomoke.

"Shangazi," nikasema, "hili ni tangi, si jaruba."

"Maji yamekwambia yanajua tofauti?"

Mwalongo alicheka hadi akapaliwa na chai. Mzee Kombo akaniambia taratibu, "Kijana, mpe shangazi yako heshima yake. Kuziba utaziba hata kesho."

Nilitii, lakini kwa shingo upande. Kwenye tundu la pili nikasimamisha bomba jingine, limelipita la kwanza kwa upana wa kidole, mdomo wazi, likishuka hadi kwenye pipa. Nikawasha pampu. Kimya. Mzee Kombo akasema tule, na tukimaliza kula tangi likiwa limetulia, kazi ni yangu.

Tulikula wali na maharage tukisikiliza mvua juu ya bati. Nilimtazama Shangazi nikitafuta maneno ya kumwambia arudi peke yake. Mara ukumbi ukakoroma. Kelele ile ile, mwanangu, kubwa kuliko mwanzo. Nikaacha tonge, nikakimbia.

Tulipofika kwenye tangi tulimkuta yule kaa asiyependa kuonekana. Alikuwa amekaa juu ya mdomo wa bomba la kwanza kama chifu kwenye kigoda, amevutwa na maji akashindwa kujinasua. Maji ndani ya tangi yalikuwa yamepanda upana ule ule wa kidole, kisha yakaingia kwenye bomba kavu na kushuka pipani, yakikoroma kwa hewa lakini salama. Sakafu haikuwa na tone. Kama ningeziba, pampu ingemwaga pipa zima ukumbini, kisha ingezunguka tupu hadi iungue, na samaki wasingeuona usiku.

Mzee Kombo alimwondoa kaa kwa kijiti, tangi likanyamaza. "Kazi ni yako," akasema. "Na yule mama ukimpuuza tena nakufukuza."

Nikajifuta mikono. "Shangazi, umesikia. Nimepata kazi. Wadogo zangu hawaendi popote."

"Kazi umepata," akasema. "Lakini wewe mwenyewe ni tangi la tundu moja. Jirani akileta mboga unarudisha bakuli na mboga yake. Baba yako mdogo akituma mchele unasema tunao. Siku wewe ukikwama, hawa watakwenda wapi?"

"Sijakwama, Shangazi."

Akasema Atupele, ambaye kwa kawaida hakuongea mbele ya watu. "Ulipolala na homa, kaka, tulikaa na njaa. Ulitukataza kuomba. Lwitiko alitafuna unga mkavu."

Sikulijua hilo. Nilikuwa nimelala, na waliniambia wamekula. Lwitiko aliangalia viatu vyake kana kwamba kosa ni lake. Mwalongo, mtu wa maneno mengi, alitoka nje kwenda kuangalia lori alilojua fika kuwa halijapona.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa unga mkavu. Nikasema neno ambalo tangu kumzika mama sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote. "Shangazi, nisaidie."

"Hilo ndilo nililolifuata," akajibu. "Ukoo nitaongea nao mimi. Watoto hawagawanywi."

Hakuondoka jioni ile. Alikaa nasi mvua zote, akapika, akaongea na majirani niliowakimbia, akawafundisha wadogo zangu kugonga mlango wa mtu bila aibu. Masika yalipoisha alirudi kwake, nasi tulikuwa bado watatu, ila hatukuwa tena peke yetu.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, hasa wewe uliyeachiwa wadogo zako kuwalea ungali kijana. Uimara ni mzuri, usiuache. Lakini usiite kila mlango ufa. Jamaa asiyekufaa leo, jirani unayesalimiana naye tu, usimzibe kwa sababu unamwona mkavu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwache awe wazi, na umruhusu akukoromee siku anapoona maji yanapanda. Mungu akupe mikono ya kazi na mdomo usioona haya kuomba, na asikose kukuwekea wa kukuitikia.

Mimi baadaye nilihamia Iringa kwa kazi, na Shangazi akafariki nikiwa huko. Msibani Chimala ndipo wanawake wenzake waliponieleza jambo ambalo yeye hakulitaja hata kwa mzaha: mvua zile alizokaa Soweto zilikuwa mvua za kupandikiza mpunga, na mwaka ule mashamba yake hayakupandwa, yakaota majani, akala kwa kufanyia wengine vibarua. Nadaiwa msimu mzima wa mpunga, mwanangu, na aliyenikopesha hayupo kuupokea.